Milima ya Rungwe imelala au imekufa? Jibu kwa mama anayepeleka watoto Mbeya

"Shikamoo mwalimu. Naishi Kimara, nina watoto wawili, mmoja miaka 12 na mwingine 8. Mwezi wa saba tunapanda TAZARA kwenda Mbeya kwenye harusi ya shemeji yangu, na tutabakiwa na siku moja tupu kabla ya kurudi Dar. Mume wangu anataka tuzunguke kote: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kijungu, maji moto, mpaka kimondo cha Mbozi. Anasema milima ile ni volkano zilizokufa zamani, haina neno. Mama mkwe hataki hata kusikia. Anasema ziwa lile lina hewa inayoua, kama lile la Kameruni lililomaliza vijiji, na tangu aone habari za volkano ya Ethiopia iliyolipuka mwaka 2025 hana amani. Mimi niko katikati. Mtoto mdogo ana pumu. Twende, au tubaki gesti? Na kama kuna hatari, nitaijuaje?"

Marahaba, mama. Swali lako lina maswali matatu ndani yake: kama milima imekufa, kama ziwa linatoa hewa ya kuua, na kama mtoto mwenye pumu anaweza kupanda. Nitajibu yote, lakini sitaki usubiri hadi mwisho: nendeni. Ila msiende kote, na msiende kwa hoja ya baba watoto. Hoja kwamba mlima umekufa si sahihi, na mtu akishaiamini haangalii tena anapokanyaga.

Shuleni tulifundishwa kwamba volkano ni za aina tatu: hai, tuli na mfu. Kwa mtihani wa darasani inatosha. Ukifika Rungwe unapata shida kujua pa kuiweka. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa sana takriban miaka 4,000 iliyopita, ukafunika eneo kubwa kwa majivu na pamisi, yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo wengine huyatumia kusugulia visigino. Volkano ya Ngozi, lilipo ziwa lile, nayo imewahi kulipuka ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita. Na Kyejo, mlima mdogo zaidi ulio kusini-mashariki mwa Rungwe, ulimwaga lava takriban mwaka 1800, na habari zake zikabaki katika masimulizi ya wenyeji. Kwetu sisi miaka 200 ni vizazi vingi. Kwa mlima ambao umri wake unahesabiwa kwa malaki ya miaka, huo ni usingizi wa mchana tu. Kwa hiyo milima hii imelala, haijafa.

Kwa nini iko pale na si Morogoro au Lindi? Kwa sababu Mbeya ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Bonde la Rukwa linakuja kutoka kaskazini-magharibi, la Usangu kutoka kaskazini-mashariki, na la Ziwa Nyasa linateremka kusini. Ardhi inavutwa pande tatu, polepole kabisa, inapungua unene na kupasuka. Mwamba wa moto ulio chini, ambao ulikuwa umebanwa, unapata nafuu ya mgandamizo, sehemu yake inayeyuka na kupanda kupitia nyufa. Moto huo bado upo, ndiyo maana serikali kupitia kampuni yake ya jotoardhi inachunguza maeneo ya Ngozi na Kyejo-Mbaka kwa matarajio ya kuzalisha umeme.

Sasa hofu ya mama mkwe kuhusu Ethiopia. Volkano ya Hayli Gubbi, katika jangwa la Afar, ililipuka tarehe 23 Novemba 2025, na majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na kwingineko. Watu wengi walishtuka kwa sababu hapakuwa na kumbukumbu ya mlima ule kulipuka. Mshtuko huo una funzo la kweli: volkano isiyo na historia iliyoandikwa bado ni volkano. Lakini mwambie mama kwa upole kwamba hakuna bomba linalounganisha Afar na Mbeya. Kila mlima una hifadhi yake ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na kulipuka kwa mmoja hakuuamshi mwingine ulio mbali kiasi hicho.

Mlima unaoamka baada ya karne nyingi kwa kawaida hautoki kimya. Magma inapopanda inabidi ivunje mwamba, na kuvunja mwamba ni matetemeko, madogo mengi, siku baada ya siku. Ardhi inavimba kidogo, chemchemi zinabadilika joto na gesi inaongezeka. Ol Doinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron, ulionyesha hivyo: matetemeko ya Julai 2007 yalisikika hadi Nairobi, na mwezi Septemba mlima ukaanza kulipuka kwa nguvu. Sitakuficha kwamba zipo volkano zinazotoa onyo fupi sana. Nyiragongo ya Goma ilipasuka Mei 2021 bila watu kupata muda wa kujiandaa, lakini ule ni mlima ambao ulikuwa na ziwa la lava linalochemka wazi kileleni. Rungwe, Ngozi na Kyejo haziko katika hali hiyo leo. Uwezekano wa mlipuko kuangukia siku yenu moja ya Julai ni mdogo mno, ingawa mwanasayansi mkweli hatasema ni sifuri.

Mkisikia tetemeko mkiwa kule, msikimbilie kusema ni volkano. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, palitikiswa na mfululizo wa matetemeko, kubwa lao likiwa la kipimo cha 6 hivi, na hakuna mlima uliolipuka. Ule ulikuwa ufa unajisogeza. Hata sisi wa Dar tulitikiswa Agosti 12, 2020, tetemeko lilipotokea baharini, na hapa tumekaa juu ya mchanga na matumbawe, hatuna volkano jirani. Tetemeko likiwakuta kwenye ukingo wa Ngozi au kando ya genge la mto, rudini nyuma mbali na ukingo, basi.

Nije kwenye hewa inayoua, na hapa nasimama upande wa mama mkwe kwa kiasi. Hakuzusha. Usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika wingu la kabonidayoksaidi lililoua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Lava haikutoka wala moto haukuonekana. Gesi ilikuwa inapenya kutoka chini ya ardhi kwa miaka mingi, ikayeyuka katika maji ya chini kabisa ya ziwa, na uzito wa maji ya juu ukaibana pale pale. Siku kitu kilipoyavuruga maji, gesi ikaanza kutoka, povu likapanda, likavuta maji mengine nyuma yake, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Na mfano huu nimeuchagua makusudi: huko huko Rungwe gesi hiyo hiyo inatoka ardhini kwa wingi na usafi wa kutosha hata kuna kiwanda kinachoikusanya, nayo hutumika kwenye vinywaji vya soda.

Kwa hiyo Ngozi ni Nyos ya pili? Hapana. Gesi ipo, ziwa limekaa juu ya mfumo wa volkano, na watafiti wameikuta kwenye maji yake. Lakini mtego wa Nyos unahitaji mambo mawili pamoja: kina kirefu cha kuibana gesi, na maji yaliyojipanga tabaka kwa tabaka bila kuchanganyika mwaka baada ya mwaka. Nyos ina kina cha zaidi ya mita 200. Ngozi haifikii hata nusu yake. Tena Ngozi iko juu, mita elfu mbili na zaidi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, ya chini yanapanda, na gesi inapata njia ya kutoka kidogo kidogo badala ya kujilimbikiza. Mtu anayesimama juu ya ukingo na kulitazama ziwa hana sababu ya kuogopa hewa yake.

Hofu yenyewe nataka muihamishe, msiitupe. Hatari halisi ya gesi hii iko kwenye mabonde madogo na mashimo, mahali inapovuja kutoka ardhini na kukaa. Kabonidayoksaidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na inatulia sehemu ya chini kama maji yanavyotulia dimbwini, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Wenzetu wa Goma wanaita sehemu hizo mazuku na wanazijua. Hewa ya kawaida ina chini ya asilimia 0.05 ya gesi hii. Ikifika asilimia 10 mtu anapoteza fahamu kwa muda mfupi. Mtoto na mbwa huathirika kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi.

Utaijuaje? Angalia chini. Ukikuta wadudu, panya au ndege wamekufa kwenye shimo bila jeraha, au chemchemi baridi inayotoa mapovu mfululizo kana kwamba inachemka, usiiname wala usimruhusu mtoto kuchungulia. Ukihisi kichwa kizito na pumzi zinaenda mbio bila kazi yoyote, panda juu kwenye upepo, usikae kutafakari. Na hili nalisema kwa msisitizo: mtu akianguka ndani ya shimo la namna hiyo, usimfuate. Watu wengi hufa mahali pa gesi wakijaribu kuokoa aliyetangulia. Vuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu, na iteni msaada. Harufu ya yai viza ni gesi nyingine, yenye salfa. Hiyo angalau inajitangaza, ingawa ikizidi pua inazoea na kuacha kuisikia.

Maji moto nayo yasikuchanganye na bwawa la kuogelea. Chemchemi moja inaweza kuwa na dimbwi la vuguvugu na, hatua chache pembeni, tundu la maji yanayounguza. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuchoma ngozi ya mtu mzima vibaya ndani ya sekunde tano hivi, na ya mtoto mapema zaidi, na kwa macho huwezi kutofautisha nyuzi 40 na 70. Ukoko mweupe unaozunguka chemchemi mara nyingi ni mwembamba, mguu unaweza kuzama. Kwa watoto wa rika lenu na siku moja tu mkononi, mimi ningeyaacha maji moto.

Sasa njia ya Ngozi, maana kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari ya kweli ya siku yenu. Mnatoka Mbeya mjini kwa barabara ya Tukuyu, mnakatisha kuelekea msitu wa hifadhi wa Poroto, kisha mnapanda kwa miguu. Hesabu saa moja na nusu ya kupanda ukiwa na watoto, zaidi kidogo mkipumzika. Sehemu ya mwisho ni kali, imejaa mizizi, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano: ukiwa mkavu ni vumbi laini, ukilowa unateleza kama sabuni. Kandambili na viatu vya harusi viacheni gesti. Raba zenye meno zinatosha, na wenyeji wengi hupanda na mabuti ya mvua.

Mkifika juu, msitu unaachia ghafla na ziwa linaonekana chini yenu, kijani kibichi, limezungukwa na kuta zenye miti. Shimo lile ni kaldera. Mlima ulimwaga magma nyingi kwa mlipuko, hifadhi iliyokuwa chini ikabaki tupu, na paa lake likaporomoka. Mvua ndiyo iliyojaza ziwa baadaye. Waelezeni watoto hivyo wakiwa wamekaa chini, mita kadhaa kutoka ukingoni, kwa sababu majani marefu huficha mahali ardhi inapoishia. Kuna kijia kinachoshuka mpaka majini. Vijana wanaotembeza wageni watawaambia kinapitika, na ni kweli kinapitika kwa mtu mwenye mazoezi. Kwa familia yenu nasema msishuke. Mteremko ni wima mno, kupanda kurudi kunachosha mapafu mazima, sembuse yenye pumu, na ziwa lenyewe ni baridi na linaingia kina ghafla.

Kuhusu pumu ya mtoto, mimi ni mtu wa miamba, si daktari, kwa hiyo nitasema yale tu yanayohusu mahali. Ngozi haifuki moshi wa salfa kama Nyiragongo, kwa hiyo mlima wenyewe haumpi mtoto hewa ya kumchochea. Kinachoweza kumchochea ni vitu vya kawaida: baridi ya asubuhi, vumbi la barabara ya kuingilia msituni, na kupanda kwa kasi. Ukingo wa Ngozi uko mita 2,600 hivi. Ni urefu ambao mtu aliyetoka Dar siku mbili tatu zilizopita atauhisi kwenye pumzi, ingawa ugonjwa mkali wa mwinuko ni nadra kwa ziara ya saa chache. Kabla ya safari mpeleke kwa daktari anayemfahamu, tena mapema, si siku ya kuelekea stesheni. Muulize waziwazi: mtoto huyu apande mlima au la, avute dawa kabla ya kuanza kupanda, na arudie mara ngapi. Kama wiki hizo za karibuni amekuwa akiamka usiku anakohoa au anatumia dawa ya kuvuta mara kwa mara, asipande. Abaki chini na mzazi mmoja.

Dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwako mwenyewe, isiachwe kwenye begi ndani ya gari. Mvalishe sweta na kitambaa chepesi mdomoni, na mwacheni yeye aongoze mwendo, wote mfuate kasi yake. Akianza kukohoa au kukorota kifuani, simameni, apewe dawa, na mteremke hata kama kilele kinaonekana. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, hiyo si ya kusubiri: Tukuyu kuna hospitali ya wilaya pale Makandana, na Mbeya mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Gari lenu la kukodi lisiondoke likawaacha msituni, dereva awasubiri mwanzo wa njia.

Katika orodha ya baba watoto, chagueni viwili: Ngozi asubuhi, Daraja la Mungu mchana. Vyote viko upande wa Tukuyu. Kimondo cha Mbozi kiko upande mwingine kabisa, mkoa wa Songwe, na wala si kazi ya volkano. Ni bonge la chuma lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 lililotoka angani. Ni kitu cha ajabu kinachostahili safari yake yenyewe, lakini kukibandika kwenye siku hii ni kuwachosha watoto kwenye gari.

Daraja la Mungu, kwenye Mto Kiwira, ndipo mtoto wa miaka 12 atakapoelewa volkano kuliko kitabuni. Lava ilimwagika kwenye bonde la mto, ikapoa ikawa mwamba mweusi mgumu. Mto haukukubali kuzibwa, ukachimba sehemu dhaifu chini ya mwamba ule mpaka ukatoboa, na juu likabaki tao. Mwambie apapase mwamba huo: atahisi vitundu vidogo vidogo. Kila kitundu ni povu la gesi lililoshikwa lava ilipoganda. Njiani pia, mahali kingo za barabara zilipokatwa, tazameni tabaka za punje nyepesi za rangi ya krimu katikati ya udongo mwekundu. Ikiwa ni pamisi, punje kavu ikiwekwa kwenye kikombe cha maji itaelea. Ndani ya hifadhi msiokote kitu.

Kijungu kiko mto huo huo. Ni chungu kilichochongwa na maji na mawe yanayozungushwa na mkondo, na mto unaingia ndani yake kwa kishindo. Mkiwa na muda, kitazameni kwa mbali, mkono wa mtoto ukiwa mkononi mwako. Mwamba wa ukingoni una utelezi wa ukungu wa maji, na aliyeteleza humo hana pa kushika. Wakigoma kushikwa mkono, msikaribie.

Mkifika Mbeya, siku moja kabla, ulizeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuhusu hali ya njia, kiingilio na mwongozaji. Lipeni kwa njia ya serikali, na mwongozaji awe mtu anayetambuliwa na hifadhi, asiwe kijana yeyote aliyewadaka barabarani. Mkitaka taarifa za matetemeko au mlima wenyewe, mwenye mamlaka ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, si video zinazozunguka kwenye simu ya mama mkwe. Julai kwa kawaida ni kukavu, lakini Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini na hupata manyunyu hata nje ya msimu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, au ukungu ukiwa umefunga msitu asubuhi, msipande Ngozi siku hiyo hata kama mmeshalipia gari. Anzeni na Daraja la Mungu, mle ndizi na nyama choma Tukuyu, na mama mkwe aende nanyi, kwa kuwa pale hapandi mlima.